Mwaka wa Viti vya Chokaa

Mchungaji aliyemzika Khainza alisema mbele yetu sote, huko Nkoma, Mbale, kwamba marehemu alikuwa mama mpole ambaye hakupata kumwinulia mtu mkono. Wajukuu wakaitikia amina. Kaka yake Mafabi, aliyekaa mstari wa mbele na jicho lake moja, aligeuka akanitazama, nami nikainamisha kichwa nisije nikacheka katika maziko ya mtu niliyempenda kama dada. Watu wakifa husafishwa namna hiyo, na labda ni haki yao. Lakini mimi nililala chumba kimoja na Khainza mwaka mzima tulipokuwa wasichana, nikala naye sahani moja, na ule mkono wake ninaujua. Baadaye, wanawake walipokuwa wakipakua matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Wagisu, nyuma ya nyumba, niliwasikia binti zake wakisimulia jinsi mama yao alivyokuwa akikasirika ananyamaza tu, anatoka nje, anarudi akiwa ametulia. Walidhani alizaliwa hivyo. Mtu hujifunza kunyamaza mahali fulani. Yeye alijifunzia Jinja, katika kiwanda cha plastiki, mwaka uleule ambao mimi nilijifunza kupaza sauti.

Chumba chetu kilikuwa Walukuba, mtaa wa Jinja, katika zile nyumba za zamani zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda, na ukuta wake mmoja tulishirikiana na mtu na mkewe. Tulikuwa na kitanda kimoja, pazia la khanga, jiko la mkaa na beseni jekundu tulilolitoa kazini kwa sababu lilikuwa na kasoro ukingoni. Jioni tulipika posho, yaani ugali, na mukene, wale dagaa wa ziwani, tukala tukisikiliza majirani. Mume alikuwa akimpiga mkewe kila Jumamosi, na tulijua kila hatua ya ugomvi kama watu wanavyojua ibada: kwanza sauti ya chini, kisha sufuria, kisha kishindo cha mwili ukutani hata chokaa ya ukuta ikatuangukia katika chakula. Mimi nilikuwa nikifunika sahani. Khainza alivumilia wiki chache za mwanzo, halafu Jumamosi moja akanawa mikono, akaenda mlango wa pili, akamtoa yule mwanamume nje kwa ukosi wa shati na kumsukuma mtaroni mbele ya watu. Alirudi akamalizia posho yake. Nilimwuliza kama haogopi, akasema, “Mimi naogopa nikikaa.” Alikuwa Mgisu wa Mbale, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji ya mlimani tangu utoto. Mimi ni Mnubi, mtoto wa askari, na Kiswahili changu ni cha kambini. Watu wa Jinja walipokisikia walinitazama mara mbili, kwa kuwa kwao hiyo ilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Basi nilizoea kusema polepole na kwa sauti ndogo, ili nisimtishe mtu.

Kiwanda kilikuwa cha mjane wa Kihindu tuliyemwita Mama Kokila. Kilitengeneza ndoo na mabeseni, lakini roho yake ilikuwa viti, vile viti vya plastiki vinavyopangwa kila penye arusi na kila penye msiba. Khainza alikuwa kwenye mashine. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa chuma, kukitoa kiti kikiwa bado moto, kukata kishina cha plastiki kwa kisu na kukipanga juu ya wenzake, siku nzima, huku mashine ikinguruma kama mnyama aliyefungwa. Mimi nilikuwa chumba cha kuchanganyia. Nilimimina ndani ya pipa linalozunguka chembechembe za plastiki, rangi, na unga wa chokaa. Mara ya kwanza nilipouona ule unga nilidhani tunadanganya wateja, nikamwuliza fundi wetu mkuu, Balbir, Kalasinga aliyezaliwa Jinja, akapelekwa ng'ambo utotoni Wahindi walipofukuzwa, na akarudi ukubwani kwa sababu, alisema, hakuna mto mwingine kama wa Jinja. Hakukasirika. Alichukua kiti, akakilaza, akanionyesha mgongo wake ulivyonyooka.

“Bila chokaa kiti hiki kinalegea kwenye jua, miguu inatawanyika kama ya ndama,” alisema. “Chokaa kidogo inakipa uti. Lakini sikiliza, binti. Plastiki inashikana mikono, ndiyo nguvu yake. Chembe ya chokaa haina mikono. Ile tunayonunua sisi imepakwa nta, ndiyo maana plastiki inaweza kuishika. Ukiitia nyingi, au ukitia ile isiyopakwa, chembe zinakimbiliana zenyewe, zinafanya donge. Na kila donge ni mahali ambapo kiti kimeshaanza kuvunjika, ila bado hakijajua.”

Nimeyasikia maelezo hayo baadaye kutoka kwa watu wenye digrii, kwa majina marefu, na hayakuongeza kitu. Alinifundisha pia kutazama mtiririko. Plastiki ikiyeyuka huwa kama uji, na uji ukijazwa unga unakuwa mzito. Uji mzito haufiki kwenye pembe za kalibu, lile umbo la chuma linalokipa kiti sura, basi mtu anashawishika kuongeza moto, na moto usipotosha anaongeza msukumo, na mwishowe anakuwa anapigana na mashine. Balbir alisema hajawahi kumwona mtu aliyeshinda pigano hilo.

Katikati ya mwaka Mama Kokila alisafiri kwenda India kwa uzazi wa binti yake, akamwachia kiwanda meneja mpya aliyeitwa Tenywa. Alikuwa kijana wa mji, shati limenyooka, na hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Nasema hivyo kwa sababu nimepata miaka mingi ya kumfikiria. Alikuwa ameagizwa apunguze gharama, na chokaa ni rahisi kuliko plastiki, na kila wiki aliyoongeza chokaa bila jambo lolote kutokea ilimpa moyo wa kuongeza tena. Kwanza alileta unga mwingine, ghafi, ule wa kuchanganya na chakula cha kuku. Halafu akaniamuru kuacha kupima kwa kopo na kumimina kwa gunia. Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ndipo walipogombana yeye na Balbir karibu kila asubuhi, mimi nikisikia kila neno juu ya mlio wa pipa. Balbir alimwambia kalibu haijai, miguu inatoka mifupi. Tenywa akasema aongeze moto. Balbir akasema moto unaunguza plastiki, na ile chokaa inakwangua skrubu kubwa inayosukuma plastiki ndani, kama msasa. Tenywa akasema basi aongeze msukumo. Mara moja nilisikia kofi la meza na kikombe kikivunjika, kisha Balbir akatoka akinipita bila kuniona, ndevu zake zimelowa chai.

Viti vilibadilika. Vilikuwa vizito na vigumu, vinang'aa vizuri, na mnunuzi akivigonga kwa vidole alifurahi. Lakini Khainza alikuwa akivishika vikiwa moto na akaujua ubaya wao kabla ya sisi wengine. Alinionyesha mguu wa kiti uliokwisha kupoa. Aliukunja kidogo, ukafanya mstari mweupe kama kovu, akaukunja kidogo tena, ukakatika kwa mlio wa bua kavu. Alimpelekea Tenywa vipande viwili mkononi. Tenywa akamjibu kwamba kiti ni cha kukalia, si cha kukunjwa, na watu wote waliokuwa karibu wakacheka kwa sababu yeye ndiye bosi. Khainza hakucheka. Jioni ile alikula nusu ya chakula chake, akasema, “Saida, hii kitu itaua mtu,” na akalala akiuelekea ukuta.

Kisha zikaja mvua. Bati la ghala lilikuwa linavuja juu ya magunia ya chokaa, nami niliyakuta asubuhi yamelowa, unga umeshikana mabonge. Nilimwambia Tenywa. Aliniagiza niyaponde kwa mti, na nikaponda, lakini maji hayapondeki. Yalikwenda na chokaa mpaka ndani ya mashine, na humo, kwenye ule moto, yakawa mvuke. Mashine ya Khainza ilianza kutema. Plastiki ilitoka ina mapovu, halafu pua ya mashine ikaziba kabisa na kalibu ikawa inarudi tupu. Tenywa akaja mwenyewe, akapandisha moto, akapandisha msukumo, akampigia Khainza kelele asiguse kitu. Balbir alikuja mbio kutoka karakana. Aliwafukuza watu wote kwa mikono kama anayefukuza kuku, akamsukuma Khainza kifuani hata akaanguka, kisha akainama kuzima.

Ililipuka kabla hajafika kwenye swichi. Haikuwa sauti kubwa kama watu wanavyodhani, ilikuwa kama mtu mkubwa anayetema kohozi. Plastiki nyeupe, yenye moto wa kuyeyusha, ilimpiga shingoni, begani na mkono mzima wa kulia. Kilemba kiliokoa kichwa chake. Alipiga ukelele mmoja mrefu, akaanza kujizungusha, na harufu ya nyama ikajaa chumba. Khainza alimkamata kiunoni, akamburuta sakafuni mpaka kwenye bomba, akamfungulia maji. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinaungua na alikuwa anataka kuibandua ile plastiki, lakini Balbir alimkataza: maji tu, maji tu, ukiitoa unaitoa na ngozi. Alikuwa bado anatufundisha. Nilishika miguu yake kwa sababu ilikuwa inapigapiga saruji na visigino vilikuwa vinatoka damu.

Walipomchukua hospitali, Tenywa alisimama katikati ya maji yale akasema fundi alikuwa mzembe. Hapo nilisema, mbele ya wote, kwamba chokaa ilikuwa mbichi, kwamba nilimwambia, na kwamba hata sasa magunia yamelowa, mtu yeyote akatazame. Sikusema kwa sauti kubwa. Alinipiga kofi kwa kiganja kizima, nikaona giza, na mdomo ukapasuka juu ya jino. Sikuwahi kupigwa na mtu mzima asiye wa nyumbani. Nilichokumbuka kwa muda mrefu si maumivu, ni jinsi kofi lile lilivyokuwa rahisi kwake. Kabla sijapangusa damu Khainza alikuwa amemshika koo na kumkandamiza kwenye pipa la kuchanganyia, vidole vyake vyenye malengelenge vinazama shingoni, na uso wa Tenywa ukageuka rangi. Wanaume kadhaa walihitajika kumbandua.

Tenywa hakutufukuza. Oda zilikuwa nyingi, msimu wa arusi ulikuwa umefika, na mikono iliyozoea mashine haipatikani barabarani. Alinihamishia kwenye kufungasha, mahali pangu akaweka mtu asiyeuliza, na baada ya kuondoka Balbir hapakuwa na mtu wa kumkataza tena. Balbir alipotoka hospitali tulikwenda kumtazama mtaani kwake, Mpumudde, katika nyumba aliyopanga nyuma ya duka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya shuka nyeupe, shingo, bega na mkono vimefungwa bandeji, na dirisha wazi ili apate upepo. Tulimpelekea maziwa na ndizi mbivu, Khainza akamlisha kwa kijiko. Alisema amempigia Mama Kokila mara nyingi, simu haipatikani. Alituuliza kiasi cha chokaa wanachotia sasa. Nilipomwambia alifumba macho. “Viti hivyo visitoke,” alisema. Lakini vilikwisha kutoka. Sisi wa kufungasha tulikuwa tumepakia lori asubuhi ileile, na mzigo wote ulikwenda Mbale, kwa mfanyabiashara aliyekuwa na duka karibu na soko, anayeuza na kukodisha viti. Huyo alikuwa Mafabi, kaka yake Khainza, tumbo moja.

Khainza alimpigia simu tukiwa bado mlangoni kwa Balbir. Mafabi alikuwa na furaha. Alisema viti hajawahi kuviona vigumu namna hiyo, kama mawe, na kwamba vyote vimechukuliwa kwa shughuli ya kesho, wakwe wanakwenda kumtambulisha bwana arusi, watu wengi. Khainza akamwambia avirudishe. Akacheka, akauliza arudishe kwa maneno gani. Walibishana mpaka simu ikakatika, na tangu hapo haikupokelewa tena. Kesho yake hatukwenda kazini. Tulitoka alfajiri kuelekea Mbale, lakini daraja moja njiani lilikuwa limefurikiwa na maji ya mvua, na tulipofika jua lilikuwa limekwisha kupita utosini.

Yaliyotokea kwenye shughuli niliyasikia baadaye kwa vipande. Wageni walikaa kwenye jua. Baba mdogo wa bibi arusi, mtu mnene na mwenye heshima, aliegemea nyuma acheke, na miguu ya kiti chake ikakatika. Haikupinda kwanza kumpa onyo, ilikatika tu. Kipande chenye ncha kikaingia pajani na damu ikaruka juu ya mikeka. Watu walipoinuka kwa pamoja viti vingine vikaanza kuvunjika, huku na huku, na mtu wa upande wa bwana arusi akacheka kwa hofu. Kicheko kile kilitosha. Vijana wa bibi arusi walidhani wamefanyiwa hila ili wadhalilike mbele ya wakwe. Walianza kwa ngumi, wakamalizia kwa vigongo vya turubai. Mzee alipopakiwa garini akiwa amezimia mtu fulani akasema amekufa, na pande zile mbili, ambazo dakika ile zilikuwa zikipasuana vichwa, zikapatana ghafla juu ya jambo moja, nalo ni Mafabi.

Tulikuta barabara ya duka imejaa. Sikumwona Mafabi, niliona tu mikono ikipanda na kushuka. Khainza aliingia katikati kwa viwiko na meno, nikampoteza. Nilipopenya niliona mtu chini, shati limechanwa, uso wake si uso tena, na kijana mmoja amesimama juu yake na tofali. Khainza alikuwa amemlalia kaka yake kifuani na walikuwa wanampiga yeye mgongoni. Mtu mmoja alikuwa anauliza mafuta ya taa yako wapi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi.

Sijui niliitoa wapi. Nilipiga ukelele wa kambini, ule niliousikia utotoni wanajeshi wakipigiwa uwanjani: “Simama! Kila mtu asimame!” Kwa Kiswahili, kwa sauti ya baba yangu. Waliokuwa na umri wa kukumbuka waliganda kwanza, vijana wakaganda kwa kuwaona wazee wao wameganda. Nilijua nafasi yenyewe ni ya pumzi chache. Mbele ya duka kulikuwa na kiti kimoja walichokuja nacho kutoka shughulini. Nilikishika mguu, nikauvunja kwenye goti langu, mimi msichana mwembamba, ukakatika kama muhogo mkavu. Nikawaonyesha ndani palivyo peupe.

“Viti hivi vimetoka kwenye mikono yangu,” niliwaambia. “Mimi nafanya kazi Jinja kiwandani. Hii si plastiki, ni chokaa. Huyu ameuziwa kama mlivyouziwa nyinyi. Kama mnamtaka aliyetengeneza, niko hapa.”

Jiwe likanipiga begani. Lingine likanipita sikioni. Yule wa tofali alinigeukia, na nadhani angenianza mimi, lakini bodaboda ikaingia kwa honi ndefu na nyuma yake alikuwa bibi arusi mwenyewe, gomesi, lile vazi lake la sherehe, imechanika bega, imetapakaa damu mpaka mkanda. Alishuka kabla haijasimama. Alipiga makofi ya uso kwa yeyote aliyemkuta njiani, ndugu na wakwe, akilia kwamba baba mdogo yuko hai, anaongea, ametoka kuongea naye sasa hivi, na kama wataua mtu siku yake ya kutambulishwa basi hataolewa kamwe. Kundi halikutawanyika kwa toba. Lilitawanyika kama watu wanaotoka sokoni, wakitazama pembeni, na mwenye tofali aliliweka chini taratibu kando ya ukuta, mahali pake alipolitoa.

Mafabi alipoteza jicho. Yule mzee alipona ila hakutembea vizuri tena, na nimemkuta miaka mingi baadaye akimsalimia Mafabi sokoni bila mmoja wao kutaja lolote. Siku zile za hospitali tulilala chini, kati ya vitanda. Mama yao Khainza na Mafabi alileta malewa kwenye bakuli lenye kifuniko, na kila mgonjwa wa chumba alipata kijiko. Wageni wa vitanda vingine walikuwa wakisimulia habari ya viti bila kujua sisi ni nani. Mmoja alisema ni uchawi wa wakwe, mwingine akasema ni mali ya magendo. Khainza alisikiliza yote. Hakula, hakulia, na mgongo wake wenye alama za vigongo hakutaka utazamwe. Mara moja tu Mafabi, bandeji imemfunika uso, alisema kwa sauti ya mtoto kwamba viti vilikuwa vinang'aa sana. Khainza akainuka, akaniambia turudi Jinja.

Tulifika kiwandani asubuhi, wakati wa kupakia. Lori jingine lilikuwa uani, viti vimepangwa minara mirefu, na Tenywa anaelekeza watu. Nilitazamia maneno. Nilikuwa nimeyaandaa hata mimi, njia nzima. Khainza alishusha kiti kutoka juu ya mnara, akakishika miguu miwili kwa mikono yake miwili, akakiinua mpaka nyuma ya kichwa na kukishusha kwa nguvu zake zote juu ya Tenywa. Nguvu zile nilizijua, zilikuwa za kuua. Kiti kilipasuka. Kilipasuka chote, vipande vikaruka mpaka kwenye lori, na Tenywa akapiga magoti na damu inashuka usoni, akishangaa, lakini hai. Alimpiga tena kwa kilichobaki, nacho kikavunjika. Kingekuwa kiti cha Balbir, kile cha zamani kinachopinda na kurudi, uzito wote ule ungeingia katika fuvu lake. Chokaa aliyoitia mwenyewe ndiyo iliyoyameza mapigo. Wapakiaji walisimama wakitazama vipande vyeupe vilivyotawanyika, na hakuna aliyesogea kumsaidia.

Halafu Khainza akaona nondo ya kufungulia kalibu imeegemezwa mlangoni. Mimi niliiona wakati uleule. Nilimrukia nyuma nikamfunga mikono, tukaanguka pamoja kwenye tope, akanipiga kwa kisogo, akanizamishia meno mkononi mpaka mfupani. Sikumwachia. Alama za meno yake bado ninazo. Nilimwambia sikioni, tena na tena, jina la kaka yake, kwamba Mafabi anamhitaji nje, si gerezani. Mwili wake ulilegea polepole, na pale topeni ndipo alipolia, kwa sauti mbaya, mara ya kwanza tangu Mbale.

Polisi walimchukua. Nilipompelekea chai na mandazi, afande wa zamu alikuwa akichovya andazi moja kabla ya kunipitisha, na hakuwa mkorofi zaidi ya hapo. Mama Kokila alirudi kutoka India na kwenda moja kwa moja kituoni, sari nyeupe, mkoba magotini, akakaa kwenye benchi kati yangu na Tenywa mwenye bandeji kichwani. Tenywa alimwambia alifanya alivyoagizwa. “Nilikwambia upunguze gharama,” Mama Kokila alisema. “Ulichopunguza si gharama.” Hakujitoa katika lawama, na sikumsikia akijitoa hata baadaye. Tenywa aliachishwa kazi siku hiyo, na mashtaka akayafuta mwenyewe, kwa kuwa kesi ingevileta viti mbele ya hakimu. Mama Kokila alibeba matibabu ya Mafabi, akatuma lori Mbale kukusanya kila kiti kilichosalia, na tulivisaga vyote. Mashine ya kusagia ilitoa vumbi jeupe hata tukakohoa wiki nzima.

Khainza alitoka rumande amekonda na amenyamaza. Ule ukimya ambao binti zake waliusimulia juzi wakipakua chakula, mimi niliuona ukizaliwa. Alikuwa akinawa, anakunja nguo, anakaa. Jumamosi majirani walipoanza, alisimama, akashika mlango, akatazama mikono yake, kisha akaita watu wengine waingie naye. Aliniambia baadaye kwamba kilichomtisha si kumpiga Tenywa. Kilichomtisha ni ile furaha aliyoisikia kiti kikiwa bado juu.

Balbir alirudi kazini mwishoni mwa mwaka, ngozi ya shingo imevutika na kung'aa, hawezi tena kugeuza kichwa bila kugeuza mwili. Chokaa iliyopakwa nta ilirudi, ikapimwa kwa kopo, na kutunzwa mahali pakavu. Akaweka sharti ambalo Mama Kokila alilikubali mbele ya wafanyakazi wote: kila mchanganyiko mpya, kiti kimoja kipigwe kwanza, na kisipostahimili hakitoki kitu getini. Akanipa mimi nyundo, ile kubwa ya mpini mrefu. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nilipostaafu, na nimevunja viti vingi kuliko vinavyokaliwa katika mitaa mingine. Siku ya kwanza Khainza alikuja kuaga. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye beseni letu jekundu, anahamia Mbale kumsaidia kaka yake kufungua duka upya. Kiti kilikuwa katikati ya ua, wafanyakazi wamezunguka, na mimi nikaichelewesha nyundo, kwa sababu tangu siku ile ya Mbale sikuweza kusikia kitu kikivunjika bila kumwona mtu chini. Niliinua nyundo nikapiga. Kiti kilibonyea mpaka mikono yake ikakaribia kugusana, miguu ikatanuka, kisha kikarudi taratibu, kikasimama. Watu wakaanza kushangilia. Khainza aliweka beseni chini, akasogea mpaka karibu nami, bila kukiondolea macho kiti kile.

“Piga tena,” alisema.

Nikapiga tena.